Ushahidi wa Mwenye Wivu

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nawaambia mapema, ninyi wasichana mnaoanza kazi ya vyumba na udobi katika hoteli za Kampala, kwa sababu mkikaa na watu niliofanya nao kazi watawaambia hivyo hivyo, na wao wataongeza chumvi. Nimezaliwa Kibuli, kwetu ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan zamani za Waingereza. Nyumba yetu ilikuwa na wasichana wengi na kioo kimoja, kwa hiyo wivu nilijifunzia nyumbani. Kufua, kupiga pasi na kutandika nilijifunzia Nakasero, katika hoteli ambayo sitaitaja jina, na kazi hiyo niliifanya mpaka magoti yakakataa ngazi.

Hata ninyi nawaonea wivu. Mna mashine inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa limenyooka upande ule. Sisi tulianza na pasi ya mkaa na jani la mgomba. Unapitisha pasi kwenye jani kwanza, jani linalia, masizi yanabaki huko, ndipo unagusa shuka. Ukisahau jani, shuka la mgeni linaota ndevu. Wanga tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, mwepesi kwa foronya, mzito kwa kola za mashati. Siku moja nilitia wanga mzito kila kitu kilichokuwa katika kapu la mgeni mmoja Mzungu, pamoja na chupi zake. Asubuhi alishuka ngazi akitembea kama askari wa gwaride, akaomba kwa upole aonyeshwe dobi ni nani.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Adela, Mganda wa Masaka, mkuu wa idara yetu wakati huo. Hakuwa mtu wa maneno. Nilipohamishia kamba za kuanikia kwenye paa ili tupate jua zaidi, sikufikiria kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya majengo ya mji huu kama wamelipa kodi. Mama Adela alipanda, akatazama mashuka, akatazama ndege, akanitazama mimi, akasema, "Fua tena." Basi.

Jambo moja tu alilisema kwa maneno mengi. Alisema unaposafisha chumba, toroli yako ya mashuka ikae mlangoni, nusu ndani nusu nje, ili mlango usiweze kufungwa bila wewe kutaka. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya hewa. Akanijibu, "Ndiyo, Mariamu. Ni kwa ajili ya hewa." Nilielewa alichomaanisha, maana sikuwa mgeni wa mambo hayo, lakini enzi zile hatukuwa na jina la kuliita jambo lenyewe. Tulikuwa na toroli tu.

Sasa niwaambie kuhusu Furaha.

Furaha alitoka Bukavu. Yeye na mama yake walikimbia vita vya Kongo wakaingia Uganda wakiwa na nguo walizovaa, na serikali ikawapa karatasi za ukimbizi. Alipoajiriwa kwetu, mimi nilikuwa nimeshazeeka kazini, na pasi ya mkaa ilikuwa imebaki hadithi. Siku ya kwanza aliniita "yaya." Nilikasirika, nikamwambia mimi si mtunza watoto wa mtu. Kumbe kwao yaya ni dada mkubwa, na ananipa heshima. Wenzangu walicheka juma zima, na hapo ndipo nilipoanza kutompenda.

Sababu nyingine alizileta mwenyewe. Alitandika kitanda kwa haraka na pembe za shuka zikakaa kama bahasha. Alikunja taulo zikawa ndege, zikawa maua, na wageni wakawa wanapiga simu chini kuuliza kama msichana yule wa taulo yupo zamu. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya madoa ya udongo mwekundu, niliyoificha miaka mingi kama ndoa ya siri. Yeye alikuja akamwaga maji ya ndimu na chumvi, akaanika juani, doa likaondoka kabla dawa yangu haijachemka. Halafu alinifundisha mbele ya watu, kwa adabu kabisa. Hakuna kinachouma kama kufundishwa kwa adabu.

Mama Adela alipokaribia kustaafu, cheo cha mtunza mashuka kilikuwa wazi. Mtunza mashuka ndiye anayeshika funguo za stoo, chumba kile cha mwisho wa korido, chenye rafu mpaka darini, kinachonuka sabuni na kitambaa kikavu. Huinami sakafuni tena. Huoshi choo cha mtu. Wote wanakuja kwako wakisema, "Tafadhali, foronya." Funguo zile nilizitaka kwa muda mrefu. Nilijiona kabisa nikizitembeza kiunoni.

Mama Adela alimpa Furaha.

Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Wewe ni dobi mzuri kuliko yeye. Yeye ana mpango kuliko wewe. Stoo inataka mpango." Alisema kweli, na hilo halikunisaidia. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipoenda kuomba mashuka stoo nilisimama nje ya mlango, nikanyoosha mkono, nikachukua, nikaondoka bila kusema asante. Furaha aliendelea kuniita yaya.

Meneja wa vyumba wakati huo alikuwa mwanamume tuliyemwita Mista Robati. Shati jeupe, manukato makali, sauti ya chini. Alikuwa na tabia ya kukusimamia karibu mno akikagua kazi, na kuweka mkono pale pasipokuwa na kazi ya mkono. Wasichana walijua. Walipangiana zamu ili mmoja asibaki peke yake ghorofa moja na yeye. Lakini stoo ya mashuka haina toroli ya kuweka mlangoni, na mtunza mashuka yuko peke yake siku nzima.

Siku ile nilikwenda kuchukua foronya. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, korido imetulia. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, na haukuwa unafungwa mchana. Niliinua mkono nigonge, nikasikia sauti ya Furaha ndani, haipigi kelele, inatetemeka tu.

"Mista Robati, fungua mlango. Nilikuambia hapana. Nilikuambia hata juma lililopita. Fungua mlango."

Yeye alisema kitu kwa sauti yake ya chini ambacho sikukipata chote. Nilipata neno "mkimbizi," na nikapata, "utakwenda kumwambia nani?"

Niligonga. Sikugonga kwa ushujaa, mkono ulikuwa umeshainuka. Ufunguo ukazunguka na mlango ukafunguka. Alitoka akinyoosha mkono wa shati. "Tulikuwa tunahesabu mashuka," akasema. "Mariamu, toroli yako inakungoja." Nyuma yake Furaha alikuwa amesimama ameegemea rafu, kifungo cha juu cha sare yake hakipo, na mikono yake imeshika foronya kama anazuia mlango mwingine. Alinitazama. Mimi nilichukua foronya nilizozijia, na safari ile niliingia mpaka ndani, nikakaa naye mpaka hatua za mwanamume yule zikapotea kwenye ngazi.

Lazima mjue kilichonipitia kichwani pale. Zamani, miaka ya mwanzo baada ya vita vya hapa kwetu Uganda, kabla sijafika Nakasero, nilifanya kazi katika nyumba ya wageni kule Port Bell, walikolala mabaharia wa ziwa na watu wa reli. Kaka wa mwenye nyumba alinifanyia vile vile, na zaidi kidogo. Nilimwambia mke wa mwenye nyumba. Kabla jua halijashuka nilikuwa barabarani na furushi langu. Mama yangu aliniambia nisiseme kokote, nitakosa mume. Nikanyamaza, nikapata mume, nikapata na kazi Nakasero. Kwa hiyo nilipomtazama Furaha kati ya zile rafu, nilijua yatakayofuata: atalia kidogo, ataenda nyumbani, kesho atakuja kazini macho yamevimba, mambo yatakwisha.

Kesho yake alikwenda juu kwa meneja mkuu akalalamika. Alipanda kwa ngazi ya mbele, ile ya wageni, na sare yake imeshonwa kifungo kipya. Nikamwonea wivu kuliko siku alipopewa funguo. Nilijiuliza alipata wapi miguu ile. Mimi Port Bell nilikwenda kwa mke wa mwenye nyumba nikinong'ona kama mwizi, na huyu, mgeni wa nchi, anapanda ngazi ya mbele.

Baada ya muda mfupi alipewa barua. Barua haikumtaja Mista Robati. Ilisema hoteli inapunguza gharama, cheo cha mtunza mashuka kimefutwa, asante kwa huduma yako. Pamoja na barua walimwekea karatasi ya kusaini kwamba ameridhika na hana dai lolote, na akisaini atachukua kifuta jasho papo hapo. Mama yake alikuwa mgonjwa. Kalamu alikuwa ameshaishika, lakini akawaambia anaipeleka nyumbani akaisome, kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo. Hakuirudisha.

Wasichana, kama mtasahau yote, hili lishikeni. Karatasi ya namna hiyo haikimbii. Pesa iliyo haki yako leo itakuwa haki yako hata kesho. Anayekuambia saini sasa hivi au ukose, ana sababu ya haraka yake.

Na siku iliyofuata mkuu wa utumishi akaniita, akaniwekea mezani funguo za stoo. "Hajati," akasema, ingawa Makka sijafika, "wewe ndiye mzoefu. Shika."

Nilizishika. Nilizifunga kiunoni kama nilivyokuwa nimejiona nikifanya. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, zikanigonga nyonga kila nikitembea. Mista Robati alipita, akasema hongera.

Furaha alikuja kwangu Kibuli siku ya mapumziko, mchana. Nilimwekea kiti barazani, nikamletea chai, nikakaa mbali kidogo. Alizitazama funguo, kwa maana nilikuwa nimesahau kuzivua. Au sikusahau.

"Yaya Mariamu," akasema, "sikukuja kuomba urafiki. Najua hunipendi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, kila siku." Alisema bila hasira. "Nimeenda kwa afisa wa kazi wa jiji. Amenisikiliza vizuri. Anasema kesi ipo, lakini bwana yule atakana, na ndani tulikuwa wawili. Halafu nikamwambia, hapana, mlangoni kulikuwa mtu wa tatu."

"Mimi nilikuja kuchukua foronya."

"Basi useme hivyo. Ulikuja kuchukua foronya, na ulisikia nini. Usiongeze kitu."

Nilimuuliza kama anajua mimi nina watoto shuleni. Akasema anajua. Nilimuuliza kama anajua zile funguo nimezisubiri tangu yeye yuko shule kwao. Akasema hilo pia analijua, Mama Adela alimwambia. Kisha akanywa chai yote, akashukuru, akaondoka kwa boda boda. Hakunisihi hata kidogo. Kama angenisihi, ningepata sababu ya kumkatalia.

Nilikwenda kwa afisa wa kazi peke yangu kwanza, ili nimwone huyo anayefanya watu wapande ngazi za mbele. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Grace, meza yake imejaa mafaili, feni haifanyi kazi. Nilimuuliza maswali yangu kama ninayauliza kwa niaba ya mtu.

"Nyabo," nikasema, kama Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "mtu akifukuzwa kwa kusema meneja anamshika, sheria inaona makosa mangapi?"

"Inategemea," akasema Bi Grace. "Kumsumbua mfanyakazi kwa mambo ya mwili huku ukishika riziki yake ni kosa. Kumfukuza kwa sababu amelalamika ni kosa jingine. Hilo la pili linasimama kwa miguu yake. Mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki ya kumwachisha kazi."

"Na kama mwenyewe ni mkimbizi?"

"Ana karatasi?"

"Anazo."

"Basi ni mfanyakazi. Sheria ya kazi haiulizi mtu alizaliwa upande gani wa ziwa."

Alinieleza mengine pia. Kwamba kwanza anawaita pande zote mbili, anajaribu kuwapatanisha, na wasipopatana shauri linaweza kufika Mahakama ya Kazi. Kwamba kama mtu alishikwa kwa nguvu, hiyo ni jinai, anaweza kwenda polisi vile vile, njia hii haifungi ile. Kwamba wapo mawakili wanawake wanaosaidia wasio na uwezo bila kuwatoza, na tayari mmoja amemchukua Furaha, maana alikuwa ameshatambua namuulizia nani. Kwamba muda unaotolewa kuleta lalamiko ni mfupi, unahesabiwa kwa miezi na si kwa miaka, na watu wengi wanaupoteza wakiwa bado wanaona haya.

"Na shahidi?" nikauliza. "Anayekwenda kusema, akirudi kazini wakamfukuza?"

Hapo aliinua macho. "Shahidi huyo akifukuzwa, mwambie aje hapa siku hiyo hiyo, asipitie nyumbani kwanza."

Mapatano hayakufaulu. Hoteli ilituma mtu aliyeendelea kutazama saa. Shauri likaenda mahakamani, likaahirishwa, likaahirishwa tena. Jaji anasafiri, wakili wa hoteli anaumwa, faili halijaonekana. Mnaokwenda huko jiandaeni kwa kungoja. Furaha alikuwa anauza mitumba jioni huku mama yake akizidi kuugua, na kila siku ya shauri alikuja amevaa vitenge vya kwao, amenyooka. Watu wa kanisa lake walijaa naye kwenye mabenchi. Nilikuwa nawaona kwa mbali na nilikuwa naumia. Port Bell nilikuwa na furushi tu.

Siku yangu ya kutoa ushahidi ilifika. Kulikuwa na jaji, na pembeni yake wajumbe, wa upande wa waajiri na wa wafanyakazi. Mahakama inasema Kiingereza, kwa hiyo walinipa mkalimani, kijana aliyejua Kiswahili cha jeshini, cha amri tupu. Nilieleza niliyoyasikia mlangoni. Sikuongeza kitu. Kisha wakili wa hoteli akasimama, mwanamume nadhifu sana, akaanza kunizunguka.

"Wewe na mlalamikaji ni marafiki wa siku nyingi?"

"Hapana."

"Mnasali pamoja?"

"Mimi ni Mwislamu. Yeye ni mlokole."

"Mnakaa mtaa mmoja, basi."

"Hapana."

Akatabasamu. "Mama, mtu hawezi kuhatarisha kazi yake kwa mtu ambaye si wake. Iambie mahakama ukweli. Amekuahidi nini? Kwa nini unampenda hivyo?"

Nilichoka na lile tabasamu. Nikamwambia mkalimani atafsiri neno kwa neno.

"Wakili, mimi simpendi. Mimi huyu msichana namwonea wivu tangu alipoingia. Waulize watu wote wa udobi. Anatandika kuliko mimi. Wageni walimwulizia yeye. Alipewa kazi ya kutunza mashuka, na kazi hiyo niliitaka mimi. Alipofukuzwa nilipewa mimi, na funguo ninazo hapa. Kama ni uongo, ningesema wa kumzuia asirudi. Lakini alikuwa anasema fungua mlango, na mlango haukufunguliwa mpaka nilipogonga."

Mkalimani alisita penye neno "wivu," akalitafsiri. Mjumbe mmoja akainamisha uso. Nilitoa funguo mfukoni, kwa maana nilidhani hawaniamini, nikaziweka mbele yangu.

Wakili wa Furaha, binti mdogo aliyekuwa kimya muda mrefu, aliinuka polepole. "Mheshimiwa Jaji," akasema, "barua ya hoteli inasema cheo cha mtunza mashuka kimefutwa. Naomba shahidi atuambie anafanya kazi gani sasa."

"Mtunza mashuka," nikasema.

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Mimi nilikuwa natangaza wivu wangu tu. Lakini wakili nadhifu alikaa chini, na hakuniuliza tena.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi kadhaa. Mahakama ilisema Furaha alifukuzwa kinyume cha haki, kwa sababu alilalamika, na kwamba sababu ya kupunguza gharama ilikuwa ya kutunga. Ilisema hoteli haikuwa na utaratibu wowote wa kupokea malalamiko ya namna ile wakati sheria iliitaka iwe nao. Iliamuru alipwe fidia. Na ilisema kwamba shahidi wa pili hakuwa na sababu yoyote ya kumpendelea mlalamikaji, bali alikuwa na sababu za kinyume chake, kwa hiyo mahakama inamwamini. Wenzangu wa udobi mpaka leo wananitania kwamba mimi ndiye mwanamke pekee Kampala aliyepewa cheti cha wivu na jaji.

Mista Robati aliondolewa kimya kimya, nikasikia yuko mji mwingine, na hilo silifurahii, kwa sababu mji mwingine nao una stoo. Mimi walijaribu kunirudisha sakafuni. Nilitaja jina la Bi Grace mara moja tu, kwa upole, wakaniacha na funguo zangu mpaka nikastaafu. Furaha hakutaka kurudi. Alisema asingeweza kuvuta pumzi katika chumba kile. Alifungua udobi wake mwenyewe upande wa Makindye, akaajiri wasichana wa kwao na wa hapa, na kabla mwaka haujaisha wageni wetu wa zamani walikuwa wanapeleka suti kwake. Nilipita kutazama. Alikuwa na mashine mpya, na juu ya mlango jina lake limeandikwa kwa rangi. Aliniletea soda, akaniita yaya mbele ya wafanyakazi wake. Soda ile ilipita kooni kama msumari.

Nilidhani ni mashine ndiyo ninayoionea wivu. Nikadhani ni jina mlangoni. Lakini nilipolala niliona kwamba ni ile sauti ya jaji ikisema mbele za watu kwamba lililompata lilimpata. Hilo ndilo nililotaka. Nililitaka vibaya, kama mtoto anavyotaka kitu kilicho mkononi mwa mwenzake.

Basi asubuhi moja nikavaa, nikaenda tena kwa Bi Grace. Safari hii sikusema naulizia mtu. Nilimweleza Port Bell. Kaka wa mwenye nyumba, chumba cha nyuma, mke wa mwenye nyumba aliyenisikiliza akikata vitunguu, furushi barabarani. Sikuwahi kumsimulia mtu, hata mume wangu, na nilishangaa jinsi nilivyokumbuka vile vitunguu. Bi Grace alifunga faili lililokuwa mbele yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanamume huyo yupo?" akauliza.

"Alikufa. Na nyumba ilivunjwa."

"Mama, sitakudanganya. Muda umepita. Umepita sana. Hakuna shauri ninaloweza kukufungulia."

"Kwa hiyo mimi napata nini?"

"Hakuna," akasema. "Pole. Hakuna."

Nilimshukuru, kwa sababu hakunipa maneno matamu. Nikatoka.

Nje kwenye benchi la kungojea alikuwa amekaa msichana wa umri wenu, sare ya duka kubwa bado mwilini, mkoba ameukumbatia. Alikuwa anautazama mlango wa Bi Grace kama mtu anayetafuta sababu ya kurudi nyumbani. Mwanamume mmoja mwenye bahasha alikuwa amesimama mbele yake, akijivuta karibu na mlango.

Nilikaa kando ya yule msichana. "Wamekufukuza?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ulisema kitu kuhusu bosi?"

Alinitazama kwa hofu, halafu akakubali tena.

"Lini?"

"Juma lililopita, mama."

Juma lililopita. Wivu ulinipanda mpaka macho yakaniuma. Nilitaka kumvua lile juma nilivae mimi. Nikasimama, nikamshika mkono, nikamwinua kwenye benchi, na nikamwambia yule mwanamume mwenye bahasha asogee, huyu amefika kabla yake.

"Ingia," nikamwambia. "Ingia sasa."

Nikausukuma mlango, nikaushikilia wazi mpaka alipopita.